Salamu ya Mama Udaga Haimo

Gervas ndugu yangu,

Filamu yako itarushwa Alhamisi ijayo, saa tatu usiku, mara baada ya taarifa ya habari. Amenithibitishia mkuu wa vipindi leo mchana, kwa simu kutoka Dar es Salaam. Nikamuuliza kuhusu salamu. Akasema haimo. Nikamwomba arudie, akarudia kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa jambo hilohilo: "Haimo, dada. Kwenye filamu haimo, tumeitoa kwenye tangazo, tumeitoa kila mahali tunapoweza kuitoa."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha nikuandikie. Kuna mahali hawawezi kuitoa. Nitakueleza kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukinidai kila niliporudi kutoka kikaoni: "Anza na kilichotokea, mgeni. Maoni yako nitakuuliza baadaye."

Bado naitwa mgeni, kwa taarifa yako. Nimekaa huku Buha, kwa Waha, miaka mingi kuliko niliyokaa Singida nilikozaliwa, lakini tangu uondoke hakuna anayeniita hivyo kwa utani. Wanaoniita hivyo sasa wanamaanisha.

Ulianguka uani kwako Kasulu masika yaliyopita, ndoo ya maji mkononi, na mpaka tunakufikisha hospitali ulikuwa umeshatuacha. Daktari alisema presha. Kurekodi ulikuwa umemaliza. Kuhariri ulikuwa hujaanza. Baada ya matanga ofisi ya kanda ilituma gari lichukue kamera na diski, kwa kuwa vyote ni mali ya shirika la utangazaji. Mkeo Salome akavitoa. Hakuwa na sababu ya kuvizuia, na angevizuia wangevichukua tu. Diski ilikwenda Dar pamoja na mswada wangu wa filamu, na kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa kwamba yule mama anayesimulia asionekane hata kidole, na sauti yake isomwe na mtu mwingine. Mhariri wa filamu aliusoma, akaufuata. Sina la kumlaumu. Lakini matangazo ya vipindi vijavyo hutengenezwa chumba kingine, na watu wengine, nao hawasomi miswada. Wao hufungua diski na kutafuta kinachopendeza.

Kwenye diski yako, kilichopendeza kuliko vyote ni salamu.

Wewe ulikuwa na utaratibu wako, na nadhani sasa ni mimi peke yangu ninayeujua. Tukifika kwa mtu ulisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ukaiwasha, kisha ukaiacha peke yake ukaenda kusalimia kwa mikono miwili. Nilipokuuliza kwa nini usisalimie kwanza, ukasema ukishamsalimia mzee wa Kiha huwezi kumgeuzia mgongo uanze kufungua mabegi; na kwa nini usisalimie ukiwa nyuma ya kamera, ukasema mtu hasalimiwi jicho moja likiwa limefumbwa. Kwa hiyo mashine ilikuwa ikirekodi yenyewe wakati wewe umeinama, unapiga vikofi vile vya polepole, "mwakeye, mwakeye," unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua. Ulipimia hapo mwanga na sauti. Ukija kuhariri, kitu cha kwanza kufuta kilikuwa hicho. "Salamu ni yetu," ulisema. "Mazungumzo ndiyo ya kituo."

Ulikufa kabla ya kufuta.

Utakumbuka siku ile ilivyokuwa. Upande wa Kakonko, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Burundi, ambacho hata katika barua hii sikitaji. Tulimpa jina la Mama Udaga mimi na wewe, ili jina lake halisi tusilitamke hata tukiwa wawili ndani ya gari, kwa sababu tulimkuta akianika udaga, vipande vya muhogo uliolowekwa, juu ya mwamba. Alikuwa mjane. Mama mkwe wake aliuawa kwa panga shambani, mchana, baada ya mtoto wa jirani kufa na watu kuamua kwamba bibi ndiye aliyemla kwa uchawi. Waliomuua walikuwa watu watatu wa ukoo wa marehemu mumewe, na Mama Udaga aliwaona kutoka kwenye mihogo. Jalada la kesi lilifungwa kwa kukosa shahidi. Alikubali kusema kilichotokea bila kutaja jina la mtu, kwa sharti moja: asijulikane ni nani anayesema. Hakukuwa na shahidi mwingine shambani siku ile, na wale watatu walijua hivyo.

Ukungu wa kompyuta wa kuficha uso hukuuamini. Ulisema mtu akimjua mama yake humjua hata kwenye ukungu, kwa namna anavyokaa. Ukamuuliza ni kitu gani chake ambacho watu hawakijui. Akacheka. Akasema hapa kijijini wanajua mpaka kucha zake. Basi hukurekodi hata mikono, kwa sababu ya lile kovu la kisu kwenye kidole gumba. Ulirekodi muhogo. Muhogo unaokauka, kuku anayekuja kudonoa, kivuli cha wingu kinachopita juu ya mwamba, na chini yake sauti yake ikieleza jinsi bibi alivyokuwa ameshika jembe. Nimeiona filamu nzima mara mbili. Ni kazi yako bora, nami si mtu wa kusema hivyo kwa sababu mtu amekufa.

Tangazo la msimu mpya lilianza kuonyeshwa baada ya mavuno ya maharage. Muziki wa furaha, ziwa, mwanafunzi anainua mkono, mchezaji anafunga goli, kisha Mama Udaga. Uso wote. Anapiga magoti, anapiga vikofi, anatabasamu upande mmoja kama alivyotabasamu kwako, na mtangazaji anasema, "Tanzania inakusalimu!" Picha inayofuata ni mwamba ule wenye muhogo, na sauti ileile ya mtangazaji sasa imeshuka: "Na simulizi ya mauaji yaliyonyamaziwa." Kwa mtu wa Dar zilikuwa picha mbili nzuri zilizowekwa pamoja. Kwa mtu wa kijiji kile ilikuwa sentensi moja.

Mzee Hamisi ndiye aliyenipigia. Unamkumbuka, mwenye duka na kibanda cha kuonyeshea mpira, mtu wa Pangani kwa asili, aliyekuwa akituchajia betri na kukutania, "Hiyo kamera yako inakula umeme kuliko friji langu, na soda baridi haitoi." Safari hii hakutania. Alisema, "Mwanangu, yule mama yenu wa mihogo wamemwonyesha kwenye TV wakati wa mapumziko ya mpira. Na waliokaa benchi la mbele ni walewale." Nikamuuliza walisema nini. Akanieleza kwamba kibanda kizima kilishangilia kumwona mtu wao, watu wakapiga makofi, kisha mmoja wa wale watatu akasema kwa sauti, ili asikiwe: "Ehe! Shemeji yetu siku hizi anasalimia nchi nzima. Sisi wa jirani hata hatupitii." Watu wakacheka. Mzee Hamisi alisema hakucheka, na kwamba yule mtu alimwona hakucheka.

Nilipiga Dar siku hiyohiyo. Nikaambiwa mkuu wa vipindi yuko kwenye kikao. Nikaandika. Nikajibiwa kwamba suala langu limepokelewa.

Wakati huohuo watazamaji walikuwa wameanza kupiga simu. Unakijua kipindi chao cha Jumamosi asubuhi, wanamouliza na kusifu na kulalamika. Ulikuwa ukisema ndicho kipindi pekee chenye watu wazima. Sijawahi kusikia sifa kama zile. Mwanamume mmoja wa Kasulu mjini alisema, "Tumezoea mtuonyeshe Waha tumebeba majembe ya kwenda kulimia watu. Leo mmetuonyesha tuna adabu. Asanteni sana." Mwalimu mmoja aliyehamishiwa Kibondo kutoka Mbeya alisema darasa lake lote sasa linamsalimia kwa kupiga magoti, na kwamba siku ya kwanza aliona machozi yanamtoka. Kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alipiga Mkongo mmoja, simu inakatikakatika: "Ile mama anasalimia muzuri sana, huku kambini batu bote bako nasema juu yake!" Mtangazaji akacheka kwa furaha, akasema basi turudie, na wakarudia. Jumamosi iliyofuata wakarudia tena. Kila aliyempenda alimwonyesha upya kwa wale watatu.

Kikao cha watazamaji kilifanyika ukumbini hapa Kasulu, na mkuu wa vipindi alikuja mwenyewe kueleza vipindi vijavyo. Lilipoonyeshwa tangazo ukumbi ulisimama. Wazee walijibu salamu ya kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, Gervas. Walijibu kwa sauti, "mwakeye," wameinama kwenye viti vya plastiki. Nilikaa nyuma nikiwatazama, na nilielewa kwa nini hawataki kuitoa. Nilimngoja mkuu nje, kwenye mlango wa pembeni. Nikamweleza kila kitu, sauti ya chini, kwa maneno machache. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Kisha akasema, "Dada, umeona mwenyewe. Tukimtoa, watauliza."

"Waulize," nikamwambia.

Akasema atalitazama akirudi Dar.

Kabla hajalitazama, Mama Udaga aliamka akakuta udaga wake wote umemwagwa kutoka kwenye mwamba na kukanyagwa matopeni. Hakumwambia mtu. Aliuokota, akauosha, akauanika upya. Siku iliyofuata alikuta panga limechomekwa katikati ya mwamba, kwenye ufa, limesimama. Panga jipya, bado lina karatasi ya dukani. Hapo ndipo alipokwenda kwa Mzee Hamisi kununua chumvi, na Mzee Hamisi akamwambia asirudi kuchukua kitu. Alimpakia mbele ya lori lake la maharage, adhuhuri, watu wakiona, kama mteja yeyote anayepewa lifti ya Kibondo. Njiani, alinieleza, alimpa soda na mama hakuinywa. Aliishika mpaka ikawa ya moto.

Nyumba ilichomwa siku hiyohiyo alipoondoka. Nimekwenda kuiona. Kuta za tofali zimebaki, kenchi za paa zimekwisha, mabati yamekunjamana, na kwenye kona ya jikoni kuna chungu kizima ambacho sijui kiliponaje. Muhogo wa shambani umeshang'olewa na watu. Polisi wamefungua jalada. Ofisa anayelishughulikia aliniambia uchunguzi unaendelea. Hadi ninapoandika hakuna aliyekamatwa. Mzee Hamisi bado anafungua duka lake. Kibanda cha mpira kimepungua watu, na benchi la mbele linakaliwa na walewale, nao wanalipa kama kawaida.

Baada ya moto tangazo lilitolewa. Mkuu wa vipindi alinipigia, akasema "tumeumia sana," na ninaamini aliumia. Lakini salamu ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Watu waliirekodi kwa simu kutoka kwenye TV zao, wakaikata, wakaiwekea maua na maneno ya "Asubuhi njema," wakaanza kutumiana kwenye makundi ya familia. Juzi binamu yangu wa Dodoma amenitumia. Mama Udaga amepiga magoti katikati ya mawaridi, anapiga vikofi, anaanza upya, anapiga vikofi, anaanza upya. Binamu yangu ameandika chini yake, "Hawa si watu wako wa Kigoma?" Nilikaa na simu mkononi. Nilitamani sana, ndugu yangu, uwe hai nikuonyeshe, kisha nikashukuru kwamba

Nilisimama hapo kidogo. Naendelea.

Nimekwenda kumwona. Yuko mahali ambapo wewe ungempeleka. Zaidi ya hapo sisemi, hata kwako. Anakula kidogo. Anafagia uwanja usio wake mara nyingi kuliko unavyohitaji. Nilipofika nilifanya kama ulivyonifundisha: nilisimama kwa mbali, nikainama, nikapiga vikofi, nikasema "mwakeye" kwa Kiha changu hicho ulichosema ni cha mtu anayetafuna kokoto. Mara ya kwanza, siku ile ya mwamba, alicheka mpaka akafuta machozi, akanitania, ukanitetea kwa uongo. Safari hii alinitazama. Mikono ilikuwa ndani ya kanga. Akasema kwa Kiswahili, "Karibu, kaa."

Wenyeji wake wanasema hajamsalimia mtu kwa namna ile tangu alipofika. Anajibu "salama," "nzuri," kama mtu wa stendi. Mikono haiji mbele.

Nilimuuliza jambo nililotakiwa kumuuliza. Nilimwambia filamu yenyewe inaweza kuzuiwa. Nilikuwa nimeshamwambia mkuu kwamba mama asipotaka, hairushwi, na mkuu ameniahidi kwa maandishi. Mama akauliza kama bibi anatajwa kuwa hakuwa mchawi. Nikamjibu, "Ndiyo, anatajwa, kwa maneno yako mwenyewe." Akauliza kama muhogo bado umo. Nikasema umo, kuku pia yumo. Akasema, "Basi kipindi chenu kirusheni. Nyumba imeshaungua kwa ajili yake, sasa mkikificha itakuwa imeungua bure." Kisha akasema, "Ila ile nyingine muitoe. Ile nilikuwa nazungumza na yule kaka."

Yule kaka ni wewe. Sikuwa nimemwambia kwamba umekufa. Nilimwambia hapohapo. Alitoa mkono mmoja kwenye kanga, akaushika mdomo, akaurudisha.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Salome hajambo, anauza vitenge sokoni na dada yake, na mwanao wa kwanza amekataa katakata kusikia habari za kamera. Kiti chako ofisini kimepewa mtu wa Mwanza, kijana mwenye heshima, anarekodi vizuri, anasalimia akiwa nyuma ya kamera. Sijamwambia kitu. Nitamwambia, siku nitakapoweza kumweleza mpaka mwisho.

Alhamisi watu wa Kasulu na Kibondo watakaa mbele ya TV wakimsubiri mama wa salamu, nao watapewa muhogo. Najua watakavyokasirika. Wameanza tayari kutuma maswali. Jumamosi kipindi cha watazamaji kitarushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa hapa Kasulu, nami nimepangwa kukaa mbele niwajibu. Nimetumiwa swali la kwanza ili nijiandae: "Yule mama yuko wapi, na kwa nini mmemtoa?" Mkuu wa vipindi amependekeza niseme ni sababu za kiufundi. Nimekataa. Ukweli wote nao siwezi kuusema, kwa sababu kila sentensi yake ina njia ya kumfikia.

Nimeandika jibu langu na nimelisoma kwa sauti humu chumbani mpaka nikalikariri. Nitawaambia kwamba salamu ile haikuwa ya kipindi. Nitawaambia kulikuwa na mpiga picha, Muha wa hapahapa Kasulu, aliyeiacha kamera yake akaenda kumwinamia mama kwa mikono miwili, na mama akamjibu yeye, si mwingine yeyote. Nitawaambia mpiga picha huyo amefariki. Nitawaomba aliye nayo kwenye simu aifute, kama mtu anavyorudisha kitu cha marehemu. Wapo watakaofuta. Wengi hawatafuta. Nimeripoti habari za watu kwa muda wa kutosha kujua hivyo.

Nikitoka ukumbini nitakwenda kwake. Nitapiga magoti mlangoni na kusalimia kwa Kiha changu cha kokoto, sina begi, sina kinasa sauti, simu nimeiacha nyumbani. Akinijibu kwa mikono, nitapita kaburini kwako jioni nikwambie. Asiponijibu nitarudi kwake Jumamosi inayofuata, na nyingine, mpaka mmoja wetu achoke, na nakuahidi si mimi.

Lala, ndugu yangu. Kazi yako nimeilinda mahali nilipoweza kufika.

Ukumbi unafunguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Kipindi kinaanza saa nne.

Mgeni wako wa Singida